Usimnyang'anye simu kabla hujajua anamkimbia nani

Wazazi wengi wanaoleta vijana wao kitengo cha afya ya akili hapa Mtwara wanaanza na simu. Daktari huyu mtoto simu imemharibu, hali mpaka aitwe mara tatu, bando la wiki linaisha siku ya pili, wageni wakija anajifungia chumbani. Alafu ukikaa na kijana mwenyewe taratibu bila mzazi unakuta mambo yalianza hata kabla hajawa na simu, darasa la sita au form one huko, kunyoosha kidole darasani ni vita, kutumwa dukani ni adhabu, akipita mbele ya watu waliokaa kibarazani anahisi wote wanamwangalia anavyotembea. Simu ilikuja baadae ikamkuta tayari anatafuta pa kujificha.

Hiyo ndo hofu ya kijamii. Haya za kawaida karibu kila mtu anazo na zinapungua ukishazoea watu, lakini hii ni hofu kali ya kuchekwa, kukosea mbele za watu au kuonekana hovyo, imekaa miezi 6 au zaidi na imeshaanza kumkosesha mtu vitu vya maana, masomo, kazi, uchumba, biashara. Takwimu za Marekani zinaonyesha takriban mtu 1 kati ya 8 huipata wakati fulani maishani na nusu yao inawaanza wakiwa na miaka 13 au chini ya hapo, yani umri wa kumaliza shule ya msingi. Huku kwetu kusini inajificha vizuri sana maana binti mkimya asiyeinua macho tunamsifia ana adabu, ana malezi, na yeye anaendelea kuungua ndani kwa ndani miaka na miaka.

Watafiti wawili wa Uingereza, David Clark na Adrian Wells, mwaka 1995 walieleza kitu ambacho mimi nakiona karibu kwa kila mgonjwa wa aina hii: akiwa mbele za watu haangalii watu, anajiangalia mwenyewe kwa ndani. Anasikiliza moyo unavyodunda, anahisi jasho, sauti inatetemeka, alafu anaamini kwamba jinsi anavyojihisi ndivyo wenzake wanavyomuona. Kwa hiyo anatafuta kinga, asiongee, akae nyuma, aangalie chini. Na kwa sababu kila mara anatumia kinga, hapati kamwe nafasi ya kugundua kwamba hata asingeitumia hakuna baya ambalo lingetokea.

Sasa mpe mtu huyu simu. Kwenye chati anaandika, anafuta, anaandika tena, hakuna anayemuona uso wala kusikia sauti, na anajibu akiwa tayari. Ni nafuu ya kweli kabisa na mimi simlaumu mtu kwa kuipenda. Tatizo nafuu hii ina tabia za mkopo wa kausha damu, leo umepumua, kesho unalipa na riba. Kwenye sherehe ya kumtoa mwali anakaa pembeni kainamia simu ili mtu asimsemeshe, kweli hasemeshwi, akirudi nyumbani akili inaandika kwamba nimepona kwa sababu nilikuwa na simu. Safari ijayo bila simu haendi, na baadae hata na simu haendi.

Mfano unaoniuma zaidi ni msiba. Huku kwetu msiba wa jirani unakwenda, unakaa mkekani, mnabeba maji, mnapika. Nakutana na vijana, na watu wazima pia, ambao wametuma rambirambi kwa simu, wameandika pole kwenye grupu la mtaa, lakini kufika matangani wameshindwa, na sio kiburi kama mtaa unavyosema, wanaogopa ule muda wa kuingia watu wote wageuke. Mtaa unanuna, yeye anaona ule ubaridi, anathibitisha kwamba kweli watu hawanipendi, anarudi kwenye simu.

Na mtandaoni kwenyewe amani haikai sana. Hofu ileile ya kupimwa na watu inamkuta huko na safari hii ina namba, laiki ngapi, nani kaangalia stetasi, tiki zimekuwa za bluu mbona hajajibu. Anaposti alafu anachungulia, anachungulia tena, akiona kimya anafuta. Wengine hata kuposti hawaposti, wanapitisha vidole tu usiku kucha wakilinganisha maisha yao na picha za harusi na magari ya watu.

Kuna kipimo cha maswali 6 cha kuona kama mtu amekuwa mtumwa wa mitandao ya kijamii, kilichotengenezwa na watafiti wa Bergen, Norway, kinachoangalia mwaka mzima uliopita. Kwa maneno yangu kinauliza hivi: mtandao unakutawala mawazo hata ukiwa unafanya mengine? Unahitaji muda mwingi zaidi ili uridhike? Unakimbilia huko kusahau shida? Umejaribu kupunguza ukashindwa? Ukizuiwa unakosa raha? Umeharibu kazi au masomo kwa sababu yake? Ona hakiulizi masaa mangapi. Dada anayeuza madera WhatsApp anaweza kushinda kwenye simu kuanzia asubuhi na asiwe na shida yoyote. Na niseme wazi, orodha ya magonjwa ya WHO iliyoanza kutumika 2022 inautambua ugonjwa wa kucheza gemu kupita kiasi, mitandao ya kijamii haimo, kwa hiyo tusiwabandike vijana jina la ugonjwa ovyo. Tafiti nyingi zimekuta wenye hofu ya kijamii wana matumizi yenye shida zaidi kuliko wengine, lakini nyingi zimepima mara moja tu, haziwezi kusema nani alitangulia. Kwa ninavyoona kliniki, hofu na simu zinalishana.

Ndo maana nawaomba wazazi, kunyang'anya simu peke yake msikuite matibabu. Umemtoa kinga, hofu umeiacha palepale. Tena wapo wakubwa ambao wakikosa simu wanahamia kwenye uraka, ile pombe ya mabibo ya korosho, msimu wake ndo balaa, anakunywa kwanza ndo aweze kwenda kukaa na watu, na hapo tunakuwa na matatizo mawili.

Kinachosaidia zaidi ni tiba ya mazungumzo inayomrudisha mtu kwa watu hatua kwa hatua. Tunapanga pamoja kuanzia jambo jepesi. Wiki hii tuma voisi bila kuifuta, kisha piga simu pale ulipozoea kuandika, kisha nenda soko kuu uliza bei ya samaki kwa wauzaji kadhaa, simu iwe kwenye mfuko, mwisho msibani nusu saa simu umeiacha nyumbani. Kabla ya kwenda andika unachoogopa kitatokea, ukirudi andika kilichotokea. Usikimbie hofu ikiwa juu, kaa mpaka ishuke, maana inashuka. Kwenye WhatsApp zima zile tiki za kusoma, ukizizima hata walioangalia stetasi yako huwaoni, kazi ya kuchungulia inapungua. Wapo wanaohitaji dawa pia, za jamii ya sertraline, anaandika daktari na zinachukua wiki kadhaa kuonyesha kazi, usiache katikati.

Mtwara njoo Ligula au hospitali ya kanda pale Mitengo, Lindi nenda Sokoine, ulizia huduma ya afya ya akili. Mtoto anaweza kupiga 116 bure. Akianza kusema bora nife, usisubiri kesho, mlete siku hiyohiyo. Na kama shida ni kwamba hata mbele ya daktari maneno hayatatoka, yaandike yote kwenye simu ukiwa nyumbani, ukifika nipe nisome, tutaanzia hapo.