Delko hairudishi jino la kurua

"Fundi, uongeze tu avansi kidogo, itapanda."

Wiki hii nimeambiwa hivyo mara nne, yaani nigeuze delko ili cheche iwahi, eti gari litapanda mlima. Mara ya nne ilikuwa juzi, dereva wa Corolla yenye moteri ya 4A-FE iliyotoka kufanyiwa revizyo nzima siku tisa kabla. Hapa Goma inakwenda vizuri, anasema, lakini akipita Sake na kuanza mlima wa Masisi na abiria wanne, anabaki kwenye vitesi ya kwanza kama anasukuma chukudu, ile baiskeli ya mbao ya mizigo.

Nikafungua kapo. Delko, chombo kinachogawa cheche kwa bujii (plagi), ilikuwa imesukumwa hadi mwisho wa tundu la bulo yake, na mwisho huo ulikuwa unang'aa. Mtu alikuwa ameula kwa lima (tupa) ili apate nafasi ya kugeuza zaidi! Nilicheka mpaka vijana wa garaje wakaja kuangalia. Mwenye gari hakucheka.

Nikaweka strobo, taa ya kupimia cheche. Digrii 10 kabla ya pistoni kufika juu, safi kabisa, kama kitabu kinavyotaka. Mekano wa kwanza naye aliona hizo 10, akafunga bulo, akalipwa.

Strobo inaona cheche. Supapu haizioni. Kwenye moteri hii delko imekaa kwenye kulasi (kichwa cha moteri) na inazungushwa na kamu yenyewe, shafti inayofungua supapu (vali), kwa hiyo kurua, mkanda wa meno unaozungusha kamu, ikikaa nyuma jino moja, supapu zinachelewa na cheche inachelewa pamoja nazo. Sasa geuza delko: cheche inarudi mahali pake na gari linapata nafuu. Nafuu ya kweli, sikatai, na ndiyo inayonichosha, maana dereva akishaionja hakuna wa kumwambia kitu. Anataka nyingine. Supapu ziko palepale zilipoachwa.

Piga hesabu. Gia ya kamu ikiwa na meno 40, jino moja ni digrii 9 za kamu. Vilebrekeni (shafti ya pistoni) inazunguka mara mbili kamu ikizunguka mara moja, basi kwake ni digrii 18. Pistoni imeshaanza kupanda kubana, supapu ya kuingiza bado iko wazi, na sehemu ya hewa inarudi ilikotoka. Moteri ikikimbia huisikii sana. Ikienda polepole na mzigo, mlimani, nguvu haipo. Kipimo cha kompresyo (mbano wa hewa) nacho kinashuka, na hapo mtu anakwambia ni segma (pete za pistoni). Segma mpya, mitungi yote minne imeshuka sawasawa, nawe unataka kushusha moteri tena? Angalia kamu kwanza.

Kuipanga si kazi ya siku nzima. Pistoni ya kwanza juu, alama ya puli kwenye 0, tundu dogo la gia ya kamu likutane na alama ya kifuniko cha beringi yake. Galeti (roli ya kukaza kurua) ikishaivuta, zungusha kwa ufunguo mizunguko miwili kamili, angalia tena. Unazungusha upande moteri inaozunguka. Ukipitiliza, usirudi nyuma, zunguka upya, la sivyo ulegevu wa kurua utakudanganya.

Puli nayo inadanganya. Kwanza, ya kwanza na ya nne zinapanda pamoja, hivyo 0 haikwambii kama ya kwanza iko kwenye kompresyo au inatoa moshi. Weka kidole kwenye tundu la bujii, pumzi itakusukuma. Pili, puli hizi zina mpira katikati, na ukizeeka pete ya nje inateleza na alama yake. Mimi nateremsha turnevisi (bisbisi) ndefu taratibu kwenye tundu la bujii kuhakikisha pistoni kweli iko juu.

Halafu strobo: moteri moto, ralanti (bila kukanyaga gesi), waya kati ya TE1 na E1, pini mbili za soketi ya uchunguzi. Bila huo waya kalkulateri (kompyuta ya moteri) inasogeza cheche yenyewe nawe unakimbiza kivuli.

Kuna mawili ambayo sina uhakika nayo. Kulasi ikipitishwa mashine inashuka kidogo, kamu inachelewa, na lile tundu linabaki nyuma unywele mmoja. Ninaliacha hivyo, kwa sababu kuruka jino zima ni kosa kubwa zaidi. Kama dereva anausikia huo unywele, sijui. La pili ni mwinuko. Goma iko kwenye karibu mita 1,500, hewa ni nyepesi, na moteri hazigongi ndani haraka cheche ikiwahishwa kama zingegonga pwani. Kuna siku naweka digrii 12 badala ya 10, na naona gari linaamka. Au natamani kuliona likiamka. Esansi (petroli) ya chupa za barabarani ikiwa mbaya, narudi kwenye 10.

Kwenye ile Corolla, alama ya puli ilipofika 0, tundu la kamu lilikuwa nyuma waziwazi. Jino moja. Nililirudisha, kompresyo ikapanda kwenye mitungi yote, delko ikarudi katikati ya tundu lake. Ila sikio la delko lililopigwa lima limebaki jembamba na linaweza kupasuka kwa mitetemo ya barabara zetu za mawe ya volkano. Nimemtafutia delko nyingine mtaani Birere siku mbili. Mpaka sasa wananionyesha za moteri za karabureta, si za hii.