Karuho ao kansere? Maswali ya ini, kutoka Bukavu

Shangazi alivimba tumbo, macho ikawa manjano, akakonda mpaka akafa. Munganga alisema kansere ya ini, familia inasema karuho, ile sumu ya kutiliwa na mtu. Nani iko na haki?

Munganga, mama. Kansere inaanzia ndani ya seli yako mwenyewe. Kila seli iko na ADN, maandishi ya herufi karibu bilioni 3, na ikitaka kujigawa inanakili yote, sasa herufi zingine zinakosewa, mingi zinarekebishwa palepale, lakini makosa yakirundikana kwenye jeni (vipande vya ADN) zenye kuamuru "zaana" ao "simama", basi seli inazaana tu, breki hakuna.

Kwa hiyo ni ya ukoo, na sisi itatufikia?

Si lazima. Kansere za kurithi ni kama 5 mpaka 10 kwa mia, mfano ile ya matiti inayotokana na jeni BRCA1 iliyopatikana mwaka 1994. Zingine makosa yanaingia ukiwa tayari duniani.

Yanaingia na nini?

Enda soko ya Kadutu, nunua karanga za bei ya chini, pasua chache. Utakuta zilizokunjamana, zingine na unga wa kijani-manjano. Ule ukungu unaacha sumu, aflatoksini (nayo karuho basi, ila hakuna aliyekutilia!). Ini ikijaribu kuivunja inageuka kitu kinachonata kwenye herufi G ya ADN, na kwenye kunakili G inasomwa T. Mwaka 1991 watafiti walisoma vivimbe vya ini vya wagonjwa wa China na wa kusini mwa Afrika, wakakuta kosa ileile mahali palepale, kodoni 249 (kodoni ni herufi tatu zinazosomwa pamoja) ya jeni p53, ile inayolinda seli isiharibike. Sawa mwizi kasahau kandambili mlangoni.

Nikizikaanga sana?

Moto wa jikoni hauimalizi. Chambua, tupa mbaya, najua inauma juu ya feza, lakini usizisagie watoto kwenye bouillie (uji). Na gunia usilaze chini kwenye sakafu ya simenti, na mvua yetu hii! Weka juu ya mbao.

Na hepatiti B, ule ugonjwa wa ini wa virusi, inaingilia wapi?

Virusi yake inachomeka ADN yake ndani ya ile ya ini, na ukiwa nayo pamoja na aflatoksini hatari inapanda mara nyingi sana. Chanjo yake iko ndani ya penta, sindano ya watoto yenye chanjo tano pamoja, wiki 6, 10 na 14, angalia kadi ya mtoto, kama ya tatu haijaandikwa mumurudishe kituoni.