Kadi ya mtoto na hesabu ya bima ya hiari

Machi 2023 nilikuwa bado nakaa kwenye kitengo cha madai ya bima cha hospitali moja ya mkoa hapa Tanzania. Kazi yenyewe ni kupanga fomu za wagonjwa, kukagua saini na tarehe, kujumlisha, na kupeleka madai kwa wakati. Mama mmoja akaja dirishani, kaelekezwa na jirani yake kwamba hapa ndipo penye mambo ya bima. Alikuwa na cheti cha kuzaliwa cha mwanawe kilichokunjwa mara nne, picha ndogo mbili, na shilingi 50,400 zimefungwa kwenye ncha ya khanga, hadi ile mia nne ya sarafu. Alitaka Toto Afya Kadi, kadi ya bima ya mtoto kwa mwaka. Mtoto ana selimundu, ule ugonjwa wa damu wa kurithi, alikuwa amelazwa mara mbili tangu Krismasi, na kwa kuwa alishatimiza miaka sita, msamaha wa watoto wa chini ya miaka mitano ulikuwa umempita.

Nikamwambia, "Mama, usajili wa mtoto mmoja mmoja umesitishwa. Sasa wanaandikishwa kwa pamoja, kupitia shule." Akanishukuru, akaifunga tena ile ncha ya khanga, akaondoka. Baada ya wiki mbili alirudi. Mwalimu mkuu alikuwa ameliuliza jambo lile kwenye kikao cha wazazi, na wengi wakasema watoto wao hawaumwi, hela hiyo wana kazi nayo.

Nimeusomea uchumi wa afya na nimeufanyia kazi miaka mingi, lakini sijapata mfano ulio wazi kuliko kikao kile. Kila mzazi aliyekuwa pale alifanya lililo na maana kwa nyumba yake. Kwa pamoja wakaamua kwamba mtoto mmoja akose matibabu ambayo shule nzima ingeweza kuyalipia bila mtu kuumia.

Tuifanye hesabu yenyewe. Chukua kijiji cha kufikirika chenye kaya 100. Kaya 90 zinatumia shilingi 10,000 kila moja kwa mwaka kwa matibabu: malaria, kikohozi, kidonda. Kaya 10 zina mtu mwenye kisukari, selimundu au ugonjwa wa figo, na zinatumia 500,000 kila moja. Jumla ni 5,900,000. Wakichangia sawa wote, ni 59,000 kwa kaya, na bima inasimama. Sasa sema anayetaka ajiunge, asiyetaka aache. Kaya inayojua kwamba mwaka mzima haizidishi 10,000 inaambiwa itoe 59,000. Tuseme nusu ya kaya hizo zinajitoa. Zimebaki kaya 55, gharama ni 5,450,000, na mchango umepanda hadi 99,000 na ushee. Kwa bei hiyo, wazima waliobaki nao wanaondoka. Zinabaki zile kaya 10 zikitazamana, kila moja ikitakiwa kulipa 500,000 zake mwenyewe. Hapo hapana bima tena.

Angalia kwamba katika hesabu hii hakuna aliyeiba. Udanganyifu upo, nimeuona kwa macho yangu kwenye fomu: kipimo kimeandikwa, mgonjwa hajapimwa. Unastahili kupigwa vita. Lakini hata ukiufuta wote, hesabu inabaki palepale.

Hiki ndicho kilichoipata Toto Afya Kadi. Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, NHIF, ulieleza wakati ule kwamba wengi walioandikishwa ni watoto ambao tayari wana maradhi, na matumizi yakawa yanaipita michango kwa mbali. Watu walikasirika sana, na hasira yao ninaielewa. Ila mimi siwezi kuulaumu Mfuko kwa kusitisha, wala siwezi kumlaumu mama kwa kutaka kumwandikisha mtoto aliye mgonjwa tayari. Alitaka kununua kinga kwa sababu ameiona hatari, na hivyo ndivyo binadamu tulivyo. Tatizo lilianza siku tulipokubali kuuza kwa hiari, mtoto mmoja mmoja, kitu ambacho kinasimama kikinunuliwa na wote tu.

Mfuko huohuo una upande mwingine unaoonyesha jambo hili vizuri. Sheria yake ni ya 1999, kazi ilianza 2001, na ulianza na watumishi wa serikali: asilimia 6 ya mshahara, nusu anakatwa mtumishi, nusu anatoa mwajiri. Hakuulizwa mtu kama anaumwa. Mwalimu wa miaka 25 kule Namtumbo, mzima kama chuma, anakatwa sawasawa na mwenzake mwenye shinikizo la damu. Walimu hao nimewasikia wakilalamika kwamba miaka mitano wamekatwa na hata panadoli hawajachukua. Kukatwa kwao ndiko kulikomlipia yule mwenzao. Na siku ya zamu yao, mtu mwingine anakatwa.

Kwa hiyo ninapoulizwa serikali inatafuta nini kwenye gharama za matibabu, jibu langu la kwanza ni hilo: kulazimisha. Soko la mahindi halihitaji mtu alazimishwe kununua mahindi. Soko la bima ya afya, likiachwa peke yake, linawafukuza wagonjwa au linakufa. Mwanauchumi wa Marekani, Kenneth Arrow, alieleza tangu 1963 kwamba matibabu si bidhaa kama nyingine, kwa sababu mgonjwa hajui ataugua lini, na akiugua hajui anachokihitaji. Anayejua ni yuleyule anayemuuzia.

Jibu la pili ni gumu zaidi: kulipia wasioweza. Na hapo ndipo tumeyumba.

Wapo wanaoniambia turudi kwenye bure. Baada ya Azimio la Arusha la 1967 serikali ilijenga zahanati hadi vijijini na matibabu yakawa bure, na mwaka 1977 sheria ikapiga marufuku hospitali binafsi za kibiashara. Wazazi wangu bado wanaikumbuka zahanati ile kwa upendo. Lakini bure ile ilikuwa inalipwa na kodi, na uchumi ulipoanguka miaka ya 1980 kodi haikutosha. Zahanati zikabaki na nesi, mzani na rafu tupu. Mwaka 1991 madaktari binafsi wakaruhusiwa tena, na 1993 ukaanza uchangiaji, yaani mgonjwa kulipia sehemu ya matibabu yake, kwanza katika hospitali kubwa. Mgonjwa anayeambiwa "dawa hatuna, kanunue duka la nje" analipa, hata kama kwenye ukuta wa hospitali pameandikwa kwamba huduma ni bure. Analipa bei ya duka la nje, ambayo mara nyingi ni kubwa kuliko ile ambayo Bohari ya Dawa, MSD, ingeipata kwa kununua kwa ajili ya nchi nzima.

Uchangiaji ulipokuja, ulikuja na misamaha: wajawazito, watoto wa chini ya miaka mitano, wazee wa miaka 60 na kuendelea wasiojiweza, wagonjwa wa kifua kikuu na wengineo. Ni sera ya kiutu na ninaiunga mkono kwa moyo wote. Lakini fuatilia karatasi. Mzee amefanyiwa upasuaji, bili imetoka, hana kitu. Mwanawe anapelekwa kwa afisa ustawi wa jamii, chumba cha mwisho kwenye korido, benchi moja na watu kumi na wawili. Afisa anauliza: mna ng'ombe? Nyumba ni ya bati au ya nyasi? Nani anayefanya kazi? Mwisho anaandika msamaha, anagonga muhuri. Mgonjwa anakwenda nyumbani, na hilo ni jema. Sasa nani amelipa? Uzi wa kushonea umetumika, dripu zimetumika, mafuta ya jenereta yamechomwa, na hakuna fedha iliyotoka hazina kuja kuziba pengo lile. Hospitali inaziba kwa kutoagiza dawa fulani mwezi ujao, na mgonjwa wa mwezi ujao ndiye anayetumwa duka la nje. Nilikaa kwenye vikao ambako waganga na wahasibu walikuwa wanaiogopa idadi ya misamaha kama watu wanavyoogopa deni. Hawakuwa na roho mbaya. Wizara iliandika ahadi, na kituo kikaachiwa kuilipa.

Mfuko wa Afya ya Jamii, CHF, nao una fundisho lake. Ulianzia Igunga, Tabora, mwaka 1996, na sheria yake ikapitishwa 2001. Kaya ilitoa mchango kidogo kwa mwaka, serikali ikaongeza kiasi kilekile. Tuliiita "tele kwa tele", na jina lenyewe linafurahisha. Mimi mwenyewe niliipenda mpaka nilipokaa nikaifikiria vizuri. Halmashauri iliyokusanya nyingi iliongezewa nyingi. Iliyokusanya kidogo, kwa sababu mvua haikunyesha au watu wake ni maskini zaidi, iliongezewa kidogo. Fedha ya kodi, ambayo kazi yake ingekuwa kumfuata asiyenacho, ikawa inamfuata mwenye nacho. Na kwa kuwa kujiunga kulikuwa hiari, wengi walijiunga walipoanza kuugua. CHF iliyoboreshwa, ya 2018, ilipanua huduma hadi hospitali ya rufaa ya mkoa kwa shilingi 30,000 kwa kaya ya watu wasiozidi sita. Ni shilingi 5,000 kwa mtu kwa mwaka, na kiasi hicho hata kipimo kimoja kikubwa cha damu hakikilipii. Kuna mtu lazima aijazie.

Serikali ikishawakusanya watu wote kwenye mfuko, inageuka kuwa mnunuzi mkubwa, na mnunuzi mkubwa ndiye anayepanga bei. Tuliliona jambo hili Machi 2024, kitita kipya cha mafao, yaani orodha ya huduma ambazo NHIF inalipia na bei zake, kilipoanza kutumika. Hospitali binafsi kadhaa zilisema bei zilizopangwa haziwatoshi, zikaacha kuwapokea wanachama wa NHIF. Kwa siku zile watu walikuwa na kadi mkononi na hawana pa kwenda nayo. Mnunuzi mkubwa anaweza kushusha bei za vipimo na dawa zilizopanda bila sababu, na zilikuwepo. Akishusha kupita gharama halisi, mtoa huduma anapunguza muda wa kumsikiliza mgonjwa au anafunga mlango. Bei inayofaa haipatikani kwa kubishana magazetini. Inapatikana kwa kukaa na vitabu vya hesabu vya hospitali, kubwa na ndogo, na kuhesabu kipimo kimoja cha figo kinagharimu nini hasa: kemikali, mshahara, umeme, mashine inayochakaa.

Novemba 2023 Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote, na kwangu ndiyo hatua kubwa kuliko zote tangu uchangiaji uanze. Inataka kila mkazi awe na bima, na inataja vyanzo vya kodi vya kuwalipia wasio na uwezo: ushuru wa vinywaji baridi, pombe, vipodozi, michezo ya kubahatisha. Hapo ndipo ninapotazama. Sheria ya kulazimisha bila fedha ya kodi nyuma yake itakuwa kama ile misamaha, safari hii kwa nchi nzima.

Majirani wametutangulia, na tunaweza kujifunza kwao. Kenya ilianza mfuko mpya, SHIF, Oktoba 2024: mwenye mshahara anakatwa asilimia 2.75, na asiye na mshahara anakadiriwa kipato, mchango usipungue shilingi 300 za Kenya kwa mwezi, ila aulipe wa mwaka mzima kwa mkupuo. Wenye mshahara hawana pa kukimbilia, wanakatwa. Mama mboga na bodaboda wamejiandikisha kwa mamilioni, lakini wanaolipa ni wachache mno. Rwanda walikwenda mbali zaidi kwa mituweli, bima yao ya afya ya jamii: kujiunga ni lazima, michango inapangwa kwa uwezo wa kaya, na maskini kabisa wanalipiwa. Nyuma ya mafanikio yao kulikuwa na fedha nyingi za wafadhili, na tusilifiche hilo.

Sisi maskini kabisa tunao kwenye orodha za TASAF, mfuko wa serikali unaosaidia kaya maskini, na wenye mshahara wako kwenye karatasi za mishahara. Walio katikati ndio wengi, na ndio ambao hakuna mtu anayejua mchango wao utachukuliwaje. Mkulima wa pamba ana fedha mkononi miezi michache ya mauzo, halafu basi. Mpango wa Ushirika Afya ulijaribu kumfuata mkulima kupitia chama chake, na wazo hilo lingepaswa kurudishwa kwa nguvu, mchango ukatwe pale pale mazao yanapouzwa. Kwa wafanyabiashara wadogo, simu iko mkononi mwa karibu kila mmoja wao. Mchango unaweza kulipwa kwa wiki, shilingi mia tano mia tano, na kadi ikawa hai tangu siku ya kwanza.

Yule mama nilimuuliza alivyozipata zile 50,400. Anauza vitumbua. Alikuwa anaweka elfu mbili kila wiki kuanzia Oktoba, na akafikisha kiwango Machi. Mara ya kwanza mtoto alilazwa Desemba.