Rivolva ni nini, na kwa nini zile za ajabu huwavuta watu

Ukikaa kwenye kijiwe cha fundi baiskeli pale Isevya, Tabora, utaielewa nusu ya rivolva bila kugusa silaha yoyote. Subiri afungue friweli. Ndani kuna meno yaliyolalia upande mmoja, na vikucha viwili vya chuma vinavyosukumwa na springi nyembamba kama unywele. Ukizungusha nyuma, vinaruka jino kwa jino, tik-tik-tik. Ukikanyaga pedali, vinang'ata na gurudumu linatii.

Rivolva ni bastola ya silinda inayozunguka, na jina lenyewe limetokana na huko kuzunguka. Silinda ina matundu, mara nyingi sita, kila tundu na risasi yake. Ukivuta nyundo, kikucha kinasukuma jino lililo mgongoni mwa silinda, tundu jipya linakuja nyuma ya mtutu, kisha kijipini kinaifunga silinda isitikisike. Samuel Colt alipata hataza yake Marekani mwaka 1836, na rivolva nyingi zimefuata njia hiyo hiyo.

Tatizo liko kwenye mwanya. Silinda iliyobana kwenye mtutu haizunguki, kwa hiyo lazima ibaki nafasi ndogo kati yao, na risasi ikilipuka, gesi ya moto inachomoka kwa pembeni. Wengi waliuvumilia mwanya huo. Nagant ya mwaka 1895, kazi ya Mbelgiji Léon Nagant iliyochukuliwa na jeshi la Urusi, haikuuvumilia. Nyundo ikivutwa, silinda yake yenye risasi saba inazunguka, halafu inasogea mbele mpaka kwenye mtutu. Ganda la risasi nalo ni refu kuliko risasi yenyewe, ambayo imezama ndani kabisa. Mdomo wa ganda unaingia kwenye mtutu, na mlipuko ukitokea unatanuka na kuziba. Gharama yake ni triga nzito, maana kidole kimoja kinavuta nyundo, kinazungusha silinda na kuisogeza mbele. Kwangu mimi hii ndiyo nzuri kuliko zote: shida ilitazamwa usoni, ikajibiwa kwa chuma.

LeMat, iliyotumika katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, ilikuwa na risasi tisa na mtutu wa pili katikati ya silinda, wa kurusha marisau, yaani vigololi vidogo vingi kwa mpigo mmoja. Rhino ya Italia inafyatua kutoka tundu la chini badala ya la juu. Mtutu unakaribia usawa wa mkono, teke, yaani msukumo wa kurudi nyuma risasi inapotoka, linaingia moja kwa moja kiganjani na mdomo wa mtutu hauruki sana.

Halafu kuna Webley-Fosbery ya Uingereza. Silinda yake imechongwa mifereji ya kwenda upogo, kushoto kulia, kuizunguka yote. Risasi ikitoka, teke linarudisha mtutu na silinda nyuma juu ya fremu. Kijipini kilichokaa kwenye mfereji kinailazimisha silinda igeuke, na nyundo inajivuta hapo hapo. Ukiishika kwa mkono legelege, mzunguko hautimii.

Nilimwonyesha yule fundi picha ya Webley-Fosbery kwenye simu. Akaufuata mfereji kwa kidole chenye grisi, akafika mwisho, akaurudia tena polepole. "Hii haina haja ya kusukumwa," akasema. "Inatumia teke lake yenyewe." Friweli ilikuwa bado wazi mapajani mwake.