Je, wajua bakteria wa ugonjwa wa Lyme hutumia kisu cha kuazima?

Aliyewahi kulala katika nyumba ya udongo mkoani Tabora humfahamu papasi, kupe laini wa rangi ya vumbi ambaye hushinda kwenye nyufa za sakafu na kutoka usiku kunyonya damu. Homa yake, ambayo huondoka siku kadhaa kisha ikarudi, husababishwa na Borrelia duttonii, bakteria mwembamba aliyejipinda kama skrubu. Jina hilo ni kumbukumbu ya daktari Dutton, aliyefia Kongo mwaka 1905 akiuchunguza ugonjwa huohuo.

Binamu yake, Borrelia burgdorferi, huenezwa na kupe wagumu wa Marekani, Ulaya na Asia, naye huleta ugonjwa wa Lyme. Kutoka pale kupe alipouma hufika hadi kwenye viungo, moyo na neva, ilhali vimeng'enya vyake mwenyewe vya kuyeyusha tishu zinazomzuia ni vichache. Hupitaje?

Huazima cha mwenyeji. Katika damu yetu kuna plasminojeni, protini inayotengenezwa na ini, ambayo huzunguka ikiwa imelala mpaka igeuzwe kuwa plasmini, kimeng'enya kinachoyeyusha damu iliyoganda. Plasminojeni ina mikunjo inayonasa lisini, mojawapo ya asidi amino, na kwa mikunjo hiyo ndiyo hushika nyuzi za damu iliyoganda. Protini za ngozi ya nje ya bakteria, kama OspA, OspC na ErpP (majina yanayofanana na namba za magari), huipa mahali pa kushika. Hata kuamshwa kwake hutegemea kimeng'enya kingine cha mwenyeji, urokinasi. La kushangaza zaidi, kwa maoni yangu, ni kwamba plasmini iliyokwisha kunata juu ya bakteria haizimwi kwa urahisi na kizuizi ambacho damu imekiweka kwa kazi hiyo.

Utafiti uliochapishwa mwaka 1997 ulitumia panya wasio na jeni ya plasminojeni. Waliambukizwa, lakini bakteria katika damu yao walikuwa wachache, na ndani ya kupe walionyonya damu hiyo bakteria hawakusambaa vizuri, kwa kuwa kupe naye hupata plasminojeni kutoka kwenye damu anayoinywa. Baadaye Borrelia crocidurae wa Afrika Magharibi, aliye jamaa wa karibu wa yule wa papasi, alijaribiwa kwa panya wa namna hiyo, naye akachelewa kuingia kwenye figo na ubongo.