Ukocha wa mbali kwa mgonjwa ambaye moyo umeshindwa kufanya kazi

Moyo kushindwa kufanya kazi si moyo kusimama. Unapiga, ila hausukumi damu inayoutosha mwili, na figo nazo hujibu kwa kuzuia chumvi na maji. Ndiyo maana miguu huvimba, na mgonjwa akilala chali hukosa pumzi. Kati ya kliniki moja na nyingine hupita wiki kadhaa, na katika wiki hizo daktari ni mgonjwa mwenyewe pamoja na yule anayempikia. Ukocha wa mbali ni kuwafundisha hao wawili kwa simu, kwa ratiba, mpaka waweze kuusoma mwili na kuamua mapema.

Usichanganye na ufuatiliaji wa mbali, ambapo kifaa hutuma vipimo hospitalini na uamuzi hufanyika huko. Kocha hataki namba tu. Anataka kujua mwenye namba atafanya nini nayo.

Somo la kwanza aghalabu ni mizani. Mgonjwa ajipime kila asubuhi baada ya kukojoa, kabla ya chai, akiwa na nguo nyepesi, mizani ikiwa juu ya sakafu ngumu. Ikiwekwa juu ya mkeka au zulia hudanganya. Uzito ukipanda zaidi ya kilo 2 ndani ya siku 3, hayo ni maji. Hakuna anayenenepa kwa kasi hiyo. Kliniki ipigiwe siku hiyohiyo, hata kama bado hajaanza kuhema. Uzito ukishuka ghafla kwa kuhara au kutapika, kliniki iulizwe vilevile, kwa sababu dawa ya kukojoza huzidi kuukausha mwili na figo zikaumia.

Kuhusu chumvi, wa kuzungumza naye ni mpishi. Gramu 5 kwa siku ni kama kijiko kimoja cha chai, tena kwa milo yote, na ng'onda, mkate na vidonge vya mchuzi vimo ndani ya hesabu hiyo. Chumvi mbadala yenye potasiamu ni hatari kwa anayetumia spironolactone, dawa ya moyo inayobakiza potasiamu mwilini. Diklofenaki ya dukani nayo, dawa ya maumivu inayonunuliwa kwa ajili ya magoti, huzuia maji mwilini na kuharibu kazi ya wiki nzima.

Ukocha mwingi huharibikia kwenye maswali. Ukimuuliza mzee, "Umekunywa dawa?" atajibu ndiyo, kwa adabu tu. Muulize, "Mzee wangu, vidonge vimebaki vingapi?" Badala ya "Mmeelewa?" sema, "Mama, hebu nielezee, akiamka kesho mtaanza na nini?" Hapo ndipo sababu za kweli hujitokeza: mgonjwa huruka dawa ya kukojoza siku ya safari kwa kuwa basi halisimami ovyo. Kumkaripia hakusaidii, kocha humuulizia daktari kama anaweza kuinywa akishafika. Kosa jingine ni kuzungumza na kijana mwenye simu peke yake, mgonjwa akabaki msikilizaji wa habari zake.

Kocha habadilishi dozi bila maelekezo ya daktari. Mgonjwa anayehema akiwa amekaa tu, aliyezirai, mwenye maumivu ya kifua au anayekohoa povu la rangi ya waridi apelekwe hospitali papo hapo. Kocha atapigiwa wakiwa njiani.