Mshono hufichwa mlangoni: lokesheni za Game of Thrones

Mwanzoni mwa msimu wa 7 wa tamthilia ya televisheni ya Game of Thrones, Daenerys, binti wa kifalme aliyekulia uhamishoni, anarudi Dragonstone, ngome ya ukoo wake. Mashua inagusa mchanga, anapiga goti na kuishika ardhi aliyozaliwa, anapanda ngazi ndefu juu ya mwamba, malango yanafunguliwa, anafika kwenye kiti cha enzi cha wazee wake. Kwa mtazamaji ni safari moja ya dakika chache. Kwa sisi tunaofanya kazi ya kutafuta lokesheni, yaani mahali pa kupigia filamu, ni sehemu tatu katika nchi mbili. Ufuko ni wa Itzurun, mjini Zumaia, kaskazini mwa Hispania. Ngazi ni za San Juan de Gaztelugatxe, zaidi ya kilomita 60 kwa barabara kutoka hapo. Ukumbi wa kiti ulijengwa studioni, Ireland ya Kaskazini. Na ile ngome ya kutisha juu ya mwamba haipo popote: imechorwa kwa kompyuta mahali ambapo pana kikanisa kidogo tu.

Watu wengi hudhani kazi yetu ni kutafuta mahali pazuri. Mahali pazuri pako tele. Kazi ngumu ni kuchukua vipande vya maeneo yasiyojuana na kuvishona viwe mahali pamoja, na hapo swali kubwa ni pa kuuficha mshono.

Mara nyingi tunauficha mlangoni. Mtu akitoka juani akaingia ndani, macho yake hupata kiza kwa muda, kwa hiyo mtazamaji hashangai mwanga na rangi vikibadilika ghafla. Sauti nayo inasaidia: upepo na mawimbi yanakatika, unabaki mwangwi wa kuta. Kona ya ngazi inafaa pia. Hata mhusika kuinua macho tu kunatosha, kwa sababu shoti inayofuata, hata kama imepigwa nchi nyingine miezi kadhaa baadaye, tutaipokea kuwa ndicho anachokitazama. Kinachoumbua ni vitu vidogo: nywele zilizokuwa zikipepea upande mmoja, pindo la joho lililoloa bahari halafu likakauka kabla ya ngazi ya kwanza.

Zumaia inastahili kutazamwa kwa karibu. Miamba yake imepangika tabaka kwa tabaka, gumu na laini kwa kupokezana, na ardhi imeziinua hadi zikaegama. Bahari imezila zile laini, zile ngumu zimechomoza kwa mistari mirefu kuelekea majini. Hakuna seti inayoweza kuiga hivyo. Lakini ufuko huo una bwana wake, nayo ni bahari. Pwani hiyo maji hupanda na kushuka kwa mita kadhaa, na wakati wa bamvua, maji yanapojaa kupita kawaida, mchanga wa kusimamia kamera humezwa. Ratiba ya kushuti pale hupangwa kwa jedwali la kujaa na kupwa kabla ya kupangwa kwa saa za waigizaji.

King's Landing, mji mkuu katika tamthilia hiyo, ni mfano ninaoupenda zaidi. Msimu wa 1, uliorushwa mwaka 2011, mji huo ulikuwa Malta: lango la Mdina lilikuwa lango la mji, na mhusika Ned Stark alikatwa kichwa kwenye ngome ya Fort Manoel, iliyofanywa uwanja wa mbele ya hekalu la Baelor. Kuanzia msimu wa 2 mji ulihamia Dubrovnik, Kroatia. Msimu wa 5, malkia Cersei anaposhushwa kutoka hekalu hilohilo huku akizomewa, anashuka ngazi za Wajesuiti za Dubrovnik. Yaani uwanja wa hekalu uko kisiwa cha Bahari ya Mediterania, ngazi zake ziko kwenye pwani ya Adriatiki, na bado akilini mwetu ni hekalu moja. Kilichobeba udanganyifu huo ni mawe. Kote kuwili kumejengwa kwa mawe ya chokaa na kuna kuta za ulinzi. Kwangu ulingano wa mawe na mwanga una thamani kuliko ulingano wa ramani.

Dubrovnik ina alama yake ambayo jicho la kazi huiona haraka. Mapaa mengi yaliharibiwa kwa mabomu katika mzingiro wa 1991 na 1992, na vigae vilivyorudishiwa vina rangi kali kuliko vile vya zamani. Ukisimama juu ya ukuta utavitofautisha paa kwa paa.

Meereen, mji anaoutawala Daenerys kabla ya kurudi kwao, nayo imeshonwa hivyohivyo: ngome ya Klis, mahandaki ya kasri la Diocletian mjini Split walimofungiwa majoka, na uwanja wa mapigano ya fahali wa Osuna, Hispania. Kwa nchi ya theluji iliyo ng'ambo ya Ukuta, ule unaolinda mpaka wa kaskazini katika tamthilia, walienda Iceland, na mwezi Desemba huko mchana hudumu saa nne au tano tu. Siku ni fupi kweli, ila jua halipandi juu, hivyo karibu mchana kutwa unapata mwanga wa kulala ambao kwingine huja asubuhi na jioni pekee.

Mahali pakishaingia kwenye skrini, watu hufuata. Mwaka 2017 magari yalipigwa marufuku kwenye Dark Hedges, barabara ya Ireland ya Kaskazini iliyopandwa miti ya beech karne ya 18, kwa kuwa uzito wake ulikuwa ukiumiza mizizi. Naunga mkono, na naamini hesabu ya wageni watakaokuja ingefaa kufanywa kabla kamera haijafungwa kwenye mguu wake.

Ukitaka kuuona mshono kwa macho yako, anza Zumaia maji yakiwa yamekupwa, halafu nenda Gaztelugatxe siku hiyohiyo. Panda vidato vyote 241. Weka nafasi mapema mtandaoni, maana msimu wa wageni hawaruhusu watu kuingia bila tiketi, ingawa tiketi yenyewe ni bure.